Mchanga wa Ivuna Juu ya Kaburi la Mume Wangu

Mume wangu alikwenda kununua kokoto za msingi wa nyumba yangu. Akarudi na kokoto. Baada ya mavuno akarudi na mwenye kokoto. Ndivyo nilivyopata mke mwenza, nikiwa na watoto wanne na nyumba ambayo haijafika hata madirishani.

Mwanamke huyo alitoka milima ya Ileje, akawa anaponda mawe kando ya barabara hapa Chapwa, nyundo mkononi na kitambaa usoni cha kuzuia vumbi. Mume wangu alimsifia mbele yangu bila aibu. Kokoto zake zina ukubwa mmoja, alisema, hazina udongo, zege linazishika vizuri. Nilikuwa nimempikia mtu huyo miaka kumi na miwili, sijawahi kusikia akisifia ugali wangu namna hiyo.

Tukakaa uwanja mmoja, nyumba mbili, mpaka tukazeeka. Sitasema tulipigana. Tulisalimiana asubuhi, tukaazimana ungo, tukauguza watoto wa kila mmoja. Lakini jioni niliusikiliza mlango wake ukifunguliwa, na nilijua ni siku ya nani.

Mume wetu alipofariki tulimzika shambani nyuma ya nyumba. Kwetu kaburi huachwa kwanza udongo ushuke. Ukishashuka, ukoo hukaa, likajengewa kwa zege, watu wakasali na kula. Siku hiyo aliyejenga hutajwa mbele ya wote. Nilitaka nitajwe mimi. Si sisi. Mimi.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alituita wote wawili.

"Jengeni pamoja," alisema. "Yeye anajua kokoto, wewe ndiye mkubwa."

"Mimi ndiye niliyeolewa kanisani," nilimjibu. "Nitajenga peke yangu. Asilete hata jiwe moja."

Mwenzangu alinitazama, akasema taratibu, "Haya, dada. Jenga."

Jinsi alivyokubali upesi ilinichoma kuliko kama angebisha.

Sasa zege linataka vitu vinne: saruji, mchanga, kokoto na maji. Saruji ni ya dukani, haina kwao. Kokoto nilizikataa za Chapwa nzima, maana zote ziliponijia machoni nilimwona yeye na nyundo yake. Nikaagiza za mbali. Ukabaki mchanga. Hapo ndipo nilipopata wazo ambalo niliona ni zuri mno. Mimi nimezaliwa Ivuna, kule wanakochemsha chumvi, na huko ndiko mume wangu alikonichumbia. Nikasema mtu huyu atafunikwa na mchanga wa kwetu. Alale chini ya Ivuna, asilale chini ya Ileje. Ndugu zangu walijaza viroba ishirini karibu na mashimo ya chumvi, mahali pepesi pa kuchota, vikaja juu ya lori la mpunga kutoka Kamsamba.

Mwenzangu alipita pale viroba vilipomwagwa. Aliinama, akachukua punje mbili tatu, akaziweka ulimini.

"Dada, mchanga huu una chumvi."

"Na wewe una wivu," nilimwambia.

Alitema mate pembeni akaenda zake.

Fundi naye aliuliza. Alikuwa mtu aliyefanya kazi sana upande wa Zambia, mpaka akazoea kuwaita mama wote bamayo. Aliusugua mchanga kiganjani, kiganja kikabaki na rangi ya tope.

"Bamayo, huu wa wapi?"

"Wa mtoni," nikadanganya.

"Mto gani huu wenye tope hivi? Tuuoshe kwanza."

"Maji ya kuoshea mchanga utateka wewe? Changanya, fundi. Watu wanakuja Jumamosi."

Akachanganya. Lilipokuwa zito kukoroga nikamwambia aongeze maji, akaongeza, likawa kama uji wa mgonjwa. Lilijimwaga lenyewe juu ya nondo, likajisawazisha, likang'aa. Nilifurahi nikidhani kulainika ndiko uzuri. Siku ya pili jua lilipiga, hakuna aliyelimwagia tone. Nilikuwa nasonga ugali wa wageni.

Jumamosi shemeji alisimama akanitaja. Wanawake wa kanisani walipiga vigelegele. Nilimtafuta mwenzangu kwa macho nimwone anavyoumia. Alikuwa anaosha masufuria, amenipa mgongo.

Raha hiyo ilikaa mpaka masika ya pili. Kwanza zege lilianza kutoa unga. Ukifagia, ufagio unaondoka na kaburi. Kisha pakatoka weupe juu yake, kama ukoko wa chumvi kwenye chungu. Halafu wakaja mbuzi.

Mbuzi wa jirani walianza wawili. Wakaambiana, sijui kwa lugha gani, wakawa saba. Kila asubuhi wanapanda juu ya mume wangu na kulamba. Nawafukuza kwa fimbo, wanarudi. Jirani alikuja kuwachukua, akasimama akicheka huku ameziba mdomo kwa khanga.

"Mama, nisamehe. Lakini marehemu sijawahi kuona anapendwa hivi."

Chapwa yote ilipata habari. Sokoni walikuwa wananiuliza kama kaburi linauzwa kwa kipimo. Masika yalipoisha ufa ulikatiza zege kutoka kichwani mpaka miguuni, na ndani ya ufa maji mekundu ya kutu yalikuwa yakichuruzika.

Shemeji alituita tena. Kabla hajaanza nikasema mwenyewe: mchanga ulikuwa wa Ivuna, fundi nilimdanganya, na huyu aliniambia nikamtukana. Kusema hivyo mbele ya mwenzangu lilikuwa jambo gumu kuliko mazishi.

"Livunjwe," shemeji alisema. "Na safari hii atasimamia mwenye kujua."

Tulipolivunja nilielewa. Nondo zilikuwa zimevimba kwa kutu, na kutu ile ndiyo iliyopasua zege kutoka ndani. Chumvi ndiyo iliyoiita kutu. Mwenzangu alizitazama, hakusema nilikwambia. Laiti angesema, ningejibu.

Alinifundisha kama mtoto wa shule, mimi niliyeishia darasa la nne. Mchanga wa mtoni aliutia kwenye chupa ya maji, akatikisa, akaiweka chini. Mchanga ulikaa chini, tope likakaa juu yake jembamba kama utando wa maziwa.

"Tope likiwa nene, usijenge nao," alisema. "Saruji inashika tope badala ya kushika jiwe. Shika karai."

Karai moja la saruji, mawili ya mchanga, manne ya kokoto. Kokoto zake. Nilizibeba kichwani mwangu zile kokoto, karai baada ya karai, na shingo iliniuma kwa zaidi ya uzito. Kwanza tulipindua vikavu mpaka rangi ikawa moja. Maji kidogo kidogo. Nilipoinua ndoo nimimine, alinishika mkono.

"Basi, dada."

"Ni gumu."

"Gumu ndilo zuri. Maji ya ziada yakikauka yanaacha matundu. Chukua, fumba kiganjani."

Nikafumba. Lilibaki tonge, halikuchuruzika wala kumeguka. Nondo mpya alizinyanyua kwa vijiwe ili zege lizifunike pande zote, kisha tukalishindilia kwa fimbo mapovu yatoke. Fundi wa safari ile alifuata amri za mwanamke.

"Sasa siku saba lisikauke," mwenzangu alituambia tulipomaliza. "Zege halikomai kwa kukauka, linakomaa kwa kunywa. Mlifunike magunia, mlimwagilie."

Nikasema nitamwagilia mimi.

Siku ya kwanza nilikwenda jua linachomoza, nikakuta magunia yamelowa. Siku ya pili nikawahi zaidi, yamelowa. Siku ya tatu nilitoka hata jogoo hajamaliza, nikamkuta mwenzangu amesimama na ndoo tupu.

"Limeshakunywa, dada."

"Litakunywa tena."

"Litakuwa limelewa."

"Ni mume wangu. Alewe."

Nikamwaga ndoo yangu yote. Alicheka, na mimi nilikaribia kucheka, nikajizuia. Tukagawana tangu hapo: yeye kichwani, mimi miguuni, kila mtu na ndoo yake. Siku ya saba tulifunua magunia pamoja. Nilipiga kwa kifundo cha kidole upande wangu, likalia kama jiwe. Akapiga wa kwake, likalia vilevile.

Ukoo ulipokaa tena, shemeji alipotaja waliojenga alisema, "Wake zake." Maneno mawili, sote ndani yake. Watu wakapiga vigelegele na safari hii nilimwona mwenzangu usoni, analia. Mimi sikulia. Nilikuwa naangalia mahali tulipogawana, katikati ya kaburi, na kwa macho yangu upande wake ulikuwa mkubwa kidogo.