Blanketi Lisilo na Lebo

Mama yangu hakuwahi kununua blanketi lile. Hilo nilikuwa na hakika nalo tangu shule ya msingi. Lilikuwa la kijivu lenye mstari mwekundu, halina lebo, na ukingo wake mmoja ulikuwa umekatwa tu, haujashonwa. Nikimuuliza lilikotoka, alisema, "Kazini," kisha akanituma nikachote maji.

Kazini ni kile kiwanda cha zamani cha nguo hapa Eldoret, alikofuma kabla sijajua kutembea. Ningelisahau jambo hilo, lakini mama huyo huyo aliwahi kunichapa hadi nikalala kifudifudi, kisa nimechukua kalamu ya jirani. "Usiguse kitu ya watu!" Kila fimbo na neno lake.

Basi akina mama wa kanisa letu la Kimumu, mama yangu akiwemo, walipopanga kwenda kukitembelea kiwanda hicho, niliandikisha jina mapema.

"Wewe na viwanda mmeanza lini?" mama akauliza.

Nikamwambia napenda historia. Uongo mtupu. Nilitaka kujua kama nilichapwa na mwizi.

Ndani, mashine zilinguruma hadi kifua kikatetemeka. Aliyekuwa akitutembeza alipaza sauti, nasi tukaitikia kwa vichwa bila kusikia neno. Mbele yetu blanketi la kijivu lilikuwa likishuka polepole kutoka kwenye mashine, na mstari mwekundu ulipotokea nikamgeukia mama.

Hakuwa karibu nami. Alikuwa amesimama mbele ya mfumaji mmoja, mama wa makamo, wakizungumza kwa midomo tu bila kutoa sauti. Watu wa pale husomana midomo kwa sababu ya kelele. Yule mfumaji akanitupia jicho, akaupigapiga mgongo wake mwenyewe, kisha wote wawili wakacheka hadi mama akashika ubavu. Wananisema, nikajua. Siku za mwizi ni arobaini, lakini huyu wangu alikuwa amejiongezea miaka thelathini.

Tulipotoka, askari wa geti alikuwa akikagua mikoba. Hata hajamfikia mama, mama alikuwa ameshainua mikono juu na kumpa mgongo, tayari kupekuliwa. Akina mama wenzake wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilimvuta kando.

"Mama, ile blanketi uliiba?"

Nilitarajia anikemee, pengine anitume maji.

"Niliiba," akasema. "Ulikuwa na miezi nne. Baridi ya Julai, na wewe unakohoa tu. Msichana wa kazi hakukuja, so nikakuja na wewe. Huyo rafiki yangu tumeongea naye ndani ndiye alikata hiyo blanketi, akakufunika nayo kwa mgongo yangu, juu akafunga leso."

"Na soja?"

"Soja alinisachi kutoka kichwa mpaka viatu. Akakuona umelala, akasema usiamshwe." Akacheka, akajipangusa suketi, ingawa haikuwa na vumbi. "Mimi nilitoka hapa msafi. Mwenye alibeba blanketi ni wewe."

Nikashika swali nililokuwa nalo miaka yote.

"Na bado ukanichapa juu ya kalamu?"

Mama hakuwa akicheka tena.

"Niliogopa," akasema. "Hiyo ilikuwa mara yako ya pili."