Kiti cha Nyuma cha Mwinyijuma

Saa nne asubuhi jua limeshaanza kuuma, na Mwinyijuma Abass amepiga magoti kwenye majani makavu, anapitisha kiganja chini ya bawa refu jeupe. Anatafuta ufa. Alilikagua bawa hilo alipofika, akalikagua tena baada ya chai. Watu waliosimama pembeni ya uwanja wanamtazama, naye hawaangalii.

Bawa ni la ndege isiyo na injini. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, kifuniko cha plastiki angavu juu yake na gurudumu moja tumboni. Huvutwa na waya kutoka upande wa pili wa uwanja, ikapanda, ikauachia waya, kisha ikabaki juu kwa kufuata hewa ya moto inayopanda kutoka ardhini. Wafanyakazi wa shamba la mkonge la Kwambegu, kati ya Muheza na Tongoni, wanaiita tiara, kama zile za karatasi wanazorusha watoto.

Mwinyijuma ana umri wa miaka hamsini na sita. Siku za kazi ni fundi wa kuchomelea mjini Muheza, jirani na wauza machungwa, anatengeneza mageti na madirisha ya chuma. Siku ikikaa vizuri anaondoka na shilingi elfu ishirini. Isipokaa vizuri anaondoka na macho mekundu tu.

Jumamosi anakuja Kwambegu kuruka. Aliacha kuruka kwa miaka kumi na sita, na tangu arudi mwaka jana, hakuna mtu wa hapa aliyekubali kukaa kiti cha nyuma.

"Siwalaumu," anasema, akijifuta mikono kwenye suruali. "Hata mie ningekuwa wao nisingekaa."

Leo kuna mtu amekubali. Ndiyo maana watu wamejaa uwanjani, na ndiyo maana fundi huyu hawezi kuliacha bawa lile likapumzika.

Tiara ililetwa Kwambegu na aliyekuwa mkuu wa mitambo wa shamba, Mgiriki mmoja mzaliwa wa Tanga ambaye Jumamosi hakuwa na pa kwenda. Alihitaji watu wa kushika bawa na wa kuendesha winchi, yaani injini ya lori kuukuu iliyofungwa ngoma ya waya. Akachukua vijana wawili wa karakana. Mmoja alikuwa Mwinyijuma, Mdigo. Wa pili alikuwa Methusela, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa Tanga enzi za manamba kukata mkonge na hakurudi tena kwao.

Mwinyijuma akafundishwa kuruka. Methusela akabaki na winchi, na kwa maelezo ya kila aliyemjua, alikuwa na mkono laini. Alikuinua bila kukutikisa.

Mdigo na Mnyamwezi ni watani. Asiyekulia ndani ya desturi hii anaweza kuiona ni mizaha mitupu, lakini ina uzito wake. Mtani atakuita mwizi mbele ya wakwe zako, atakuvua kofia aende nayo, atakuombea kifo asubuhi na mchana mle sahani moja. Kukasirika ni mwiko. Na ukifa kweli, ndiye anayekuja msibani kuigiza ulivyotembea na ulivyoongea, mpaka waliokuwa wanalia washike mbavu. Ndiye anayeingia kaburini na kukataa kutoka mpaka apewe chochote. Wazee wa huku husema mtu aliyezikwa bila watani amezikwa nusu.

"Sisi hatukuwa na habari za asubuhi," anakumbuka Mwinyijuma. "Anafika kazini ananiambia, 'Mdigo, hujafa tu?' Namjibu, 'Nakungoja wewe utangulie, ubwabwa wa msiba wako niule mie.' Ndiyo salamu yetu hiyo. Tusipoambiana hivyo, tunajua mmoja anaumwa."

Kwa miaka yote hiyo Methusela alirusha wenzake, yeye mwenyewe hakuwahi kupanda. Jumamosi moja ya mwaka 2008 Mgiriki akakaa kwenye winchi, akamwambia leo zamu yako. Mwinyijuma akakaa mbele, Methusela nyuma. Kabla kifuniko hakijafungwa, Methusela akasema kwa sauti iliyosikika na wote waliokuwapo: "Mdigo, mkanda huu haushiki. Leo unaniua."

"Nikamjibu, 'Afadhali, tutapumua,'" anasema Mwinyijuma. "Watu wakacheka. Na yeye akacheka. Nadhani alicheka. Nilikuwa mbele, sikugeuka kumtazama."

Waya ulikatika tiara ikiwa haijapanda hata urefu wa minazi miwili. Hapo rubani hana nafasi ya kugeuza; husukuma pua chini akatua popote palipo mbele yake. Mbele yao palikuwa na mkonge. Mwinyijuma alivunjika nyonga. Methusela alirushwa mbele na shingo yake ikavunjika. Mkanda wake ulikutwa wazi.

Waliokuja kuchunguza waliandika habari za waya uliochakaa. Habari za mkanda hakuna aliyeziuliza, na walioyasikia maneno yale wote walijua kuwa ule ulikuwa utani. Hata mwandishi wa makala haya, ambaye ana watani wake na amekwisha kuuawa nao mara nyingi, hana hakika kuwa angegeuka.

"Angesema mwingine yeyote ningeshuka," anasema Mwinyijuma. "Angesema Mgiriki, angesema mpita njia. Kasema mtani wangu, nikacheka."

Anachukua kitambaa na kurudi kwenye bawa. 

Methusela alizikwa katika makaburi ya shamba Mwinyijuma akiwa amelazwa hospitalini Tanga mjini, mguu umening'inizwa. Wadigo waliofika msibani walikaa kwenye mikeka wameinamisha vichwa. Hakuna aliyeigiza mwendo wa marehemu, hakuna aliyeingia kaburini kudai chochote. Nani angethubutu?

"Ule ukimya ndio ulionimaliza," anasema Beatrisi, mjane wa Methusela. "Mume wangu alikuwa mtu wa kelele. Wakamzika kama mgeni aliyefia njiani."

Beatrisi hakuondoka Kwambegu. Hadi leo anafanya kazi chumba cha brashi, mahali ambapo katani huchanuliwa kabla ya kufungwa marobota. Vumbi la humo limempa kikohozi ambacho sasa kinamtangulia kila aendako. Maneno ya mwisho ya mumewe aliambiwa na majirani siku ya tatu ya matanga, na waliomwambia, anasema, walikuwa bado hawajui kama wacheke au walie.

Mgiriki alihama, na baadaye zikaja habari kwamba amefariki huko alikohamia. Tiara ikavutwa ghalani na kufunikwa turubai. Mwinyijuma alipoweza kutembea tena aliacha kazi ya shamba, akahamia Muheza na kujifunza kuchomelea. Kwa miaka hiyo yote hakukanyaga Kwambegu wala kumwona Beatrisi. Anasema hakuwa na uso wa kwenda nao.

Mkewe, Mboni, anasema mumewe alikuwa akiondoka bila kuondoka. "Akisikia mwewe analia, kashatoka nje, kasimama katikati ya uwanja na miwani yake ya kuchomelea. Mteja anangoja geti, yeye yuko juu huko. Mwisho nikamwambia, baba Rahila, kama ni kwenda nenda, lakini ukiniletea maiti yako hapa sikupokei. Nilisema hivyo. Kisha nikaingia ndani nikalia."

Mwaka juzi shamba lilipata mkuu mpya wa karakana, Masoud, kijana aliyekulia Pangani na asiyejua lolote kuhusu ajali ile. Alifunua turubai akitafuta vyuma chakavu, akakuta ndege. Panya walikuwa wamekula mito ya viti, lakini mabawa yalikuwa mazima. Akauliza nani aliwahi kuirusha, akatajiwa jina moja. Akamfuata Muheza.

Waya ulinunuliwa mpya, mikanda pia. Mkaguzi akaja kutoka Arusha kuipima ndege, na mwingine kumpima rubani. Mwinyijuma akatazamwa macho na moyo, akaruka na mkaguzi nyuma yake hadi akaruhusiwa kuruka peke yake.

"Nilitegemea nitafurahi," anasema juu ya siku hiyo ya kwanza akiwa peke yake. "Tiara ilipanda vizuri. Nikafika juu ya uwanja wa kuanikia katani, hapo hewa ya moto huwa haikosekani, na mwewe wawili walikuwa wakizunguka, nikaingia katikati yao. Naona bahari, naona milima ya Amani na mawingu yake. Kila kitu kilekile. Na mie nageuka nyuma kuangalia kiti. Rubani hageuki nyuma. Nikageuka, nikageuka tena."

Lakini uongozi wa shamba hauna haja na mtu mmoja anayezunguka na mwewe. Umempa Masoud hadi mvua za vuli. Uwanja ukiwa na wanafunzi, utabaki uwanja. Usipokuwa nao, utalimwa na kupandwa mkonge, na tiara itarudi chini ya turubai.

"Vijana wapo, wanataka," anasema Masoud. "Wazazi ndio hawataki. Wanasema wataamini wakimwona mtu mzima kakaa nyuma ya mzee na karudi salama. Nimezunguka nyumba hadi nyumba, shikamoo hapa shikamoo kule, hakuna. Wakaniuliza, mbona hukai wewe? Nikawaambia mimi ni wa winchi. Ukweli ni kwamba naogopa."

Mmoja wa wazazi hao ni Idarusi, mkata mkonge, ambaye binti yake amemsumbua mwezi mzima akitaka kujifunza kuruka. Idarusi yuko tayari kushika bawa ndege inapoondoka, na hilo amelifanya kila Jumamosi. Zaidi ya hapo amekataa.

Wiki tatu zilizopita Beatrisi alipanda gari hadi Muheza, akaenda moja kwa moja kwenye banda la kuchomelea. Mwinyijuma anasema alimsikia kwa kikohozi kabla ya kumwona.

"Akasema, 'Nitakaa mimi.' Nikamwambia hapana, shemeji, si wewe. Akasema, 'Sikuja kukuomba ruhusa.'"

Sasa anakuja, amevaa suruali ya kazi na kanga kiunoni, kitambaa kimefungwa kichwani. Watu wanampisha.

"Habari za asubuhi, shemeji," anasema Mwinyijuma.

"Salama."

Anamsaidia kupanda. Anamfunga mwenyewe mikanda minne inayokutana kwenye kifungo kimoja tumboni, anavuta mmoja mmoja, anauliza kama unambana. Beatrisi anatikisa kichwa. Mwinyijuma anaingia mbele, anajifunga. Kule mbali winchi ya Masoud inaanza kunguruma. Idarusi ameinua bawa, ndege imesimama sawa, na mtu wa ishara anaanza kunyanyua mkono.

"Mwinyijuma," anasema Beatrisi kutoka nyuma. "Mkanda wangu haushiki."

Hakupaza sauti, lakini uwanja mzima umesikia. Mkono wa ishara unashuka. Idarusi anatazama chini.

Mwinyijuma anajifungua mikanda. Anatoka kwa shida, nyonga ile haipendi kupinda, anashika ukingo wa kiti na kuteremka akitanguliza mguu mzima. Anakwenda nyuma. Anavuta mkanda wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne. Anabonyeza kifungo. Anavuta yote tena. Kisha anainua macho na kumtazama Beatrisi usoni.

"Unashika, shemeji," anasema.

"Najua," anasema Beatrisi.

Mwinyijuma anabaki pale, mkono wake juu ya kifungo. Machozi yanamtoka na hayafuti. Beatrisi anatazama mbele, kwenye kiti kitupu cha rubani, kama mtu anayengoja gari liondoke. Kisha Mwinyijuma anageuka, anarudi mahali pake na kujifunga tena.

Wanakaa hewani kama robo saa. Kutoka chini tiara inaonekana ndogo na haina sauti. Inazunguka juu ya katani nyeupe, inakwenda upande wa makaburi, inarudi. Inatua taratibu na kusimama karibu na pale ilipoondokea. Watu wachache wanapiga makofi, wengine wanaanza kuondoka.

Beatrisi anashuka, anafunga kanga yake upya. Hampi Mwinyijuma mkono.

"Watu wanadhani nimekuja kumsamehe," ananiambia tukitembea kuelekea njia ya kambi ya wafanyakazi. "Sijui kama nimemsamehe. Nilitaka kuona kama atashuka."

Ninamuuliza huko juu kukoje. "Baridi," anasema. "Na shamba ni zuri ukiliona kwa mbali. Ukiwa ndani yake ni miiba." Anakohoa kwa muda. Jumamosi ijayo ana zamu ya brashi. Ile ya baada yake, anasema, ataona.

Uwanjani, Idarusi anamwambia Masoud kwamba atafikiri. Hajasema ndiyo. Mzazi mwingine amechukua namba ya simu. Hicho ndicho kilichopatikana leo, na mvua za vuli haziko mbali.

Mwinyijuma anaifunika tiara. Anasema wanafunzi wakija, kuruka hakutakuwa somo la kwanza. Somo la kwanza litakuwa hapahapa chini: aliyekaa nyuma akisema neno, la kweli au la mzaha, aliyekaa mbele anashuka kwenda kutazama. Watani na wasio watani.

Na shemeji akirudi, ninamuuliza, akakaa, ukamfunga, akasema tena haushiki?

"Nitashuka," anasema. "Hata nikijua unashika. Akisema mara mia, nitashuka mara mia."