Mishale Sita kwa Upinde wa Binamu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenilinda tangu nilipokuwa sijui kushika hata jembe, akaniacha nizeeke nikiwa bado na kumbukumbu. Kwa rehema zake naandika haya, na namwomba anizuie nisijisifu mahali nilipokosa.

Rafiki yangu, majuzi vijana wa kanisa letu walikuwa na sherehe pale Onduparaka. Kijana mmoja akaingia uwanjani na upinde mpya, akavuta, akaachia, na mshale ukaenda upande kama kuku aliyefukuzwa jikoni. Watu wakacheka. Yeye akaupiga upinde kofi, akasema, "Hii upinde iko mbaya!" Niliuokota ule mshale, nikauzungusha juu ya ukucha wa kidole gumba, nao ukatetemeka wote. Nilitaka kumweleza, lakini moyo wangu ulikuwa umeshatangulia Koboko, kwa mjomba.

Kwetu kulikuwa Adumi, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Lakini kila kiangazi, mtama ukishaingia ghalani, mama alinipeleka kwa watu wake upande wa Koboko. Hadi leo nikisikia harufu ya nyasi zilizoungua nakumbuka ua ule: bibi akisaga ufuta juu ya jiwe, mboga ya kunde ikichemka, na mjomba ameketi kando ya makaa na mafungu ya matete. Mjomba, kaka yake mama, ndiye aliyekuwa fundi wa mishale.

Mishale yake haikuwa na manyoya mkiani. Ilikuwa tete kavu, chembe, yaani ncha ya chuma, mbele, na nyuzi za kufunga, basi. Kwa hiyo kila mmoja ulipaswa kukubaliana na upinde wake, maana hapakuwa na kitu cha kuusahihisha ukiwa hewani. Mjomba alinyoosha tete juu ya makaa, akalipaka mafuta, akalizungusha juu ya ukucha mpaka litulie. Kisha alitupa mara tatu kwenye furushi la nyasi. Sisi tulishika upinde kwa mkono wa kushoto, na mshale ukianguka kushoto, alisema ni mgumu mno kwa upinde ule. Akaukwangua kidogo au akaufungia chembe nzito zaidi. Ukianguka kulia, ni mlegevu. Akaukata upana wa nusu ukucha, si zaidi, akajaribu tena. Mshale mmoja ungeweza kumchukua asubuhi nzima.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na umri wa kwenda kwenye windo la kiangazi, mimi na binamu yangu, mtoto wa mjomba. Kabla ya windo kulikuwa na jaribio. Mzee mmoja alisukuma kipande cha mgomba kiviringike mteremkoni, na kila kijana alikuwa na mishale mitatu aliyoitengeneza mwenyewe. Asiyepiga hata mara moja alibaki nyumbani na watoto mpaka kiangazi kingine. Hakuna kitu nilichokitaka duniani zaidi ya kwenda.

Mimi na binamu tulikata matete kutoka shina moja. Upinde wangu ulikuwa mgumu, wake mwepesi. Yeye alifanya kazi polepole, akiimba nyimbo za Jumapili. Mimi nilikuwa na haraka. Mishale yangu ilipoanguka kulia, nilikata. Ikaanguka kulia tena, nikakata kipande kikubwa. Mjomba alipita, akatazama vipande miguuni pangu.

"Wewe nakata kama mutu ya kukimbia mvua," akasema. "Ile umekata, nani atarudisha?"

Nilipojaribu tena, yote mitatu ikaenda kushoto. Ilibaki siku moja. Ya binamu ilikuwa inachoma katikati ya furushi kila mara. Mchana, alipokwenda kuteka maji, nilifungua uzi mwekundu wa alama yake na uzi mweusi wa alama yangu, nikazibadilisha. Nilidhani mshale mzuri ni mzuri kwa kila mtu. Na tazama, rafiki yangu, nilikuwa tayari najua amri zote kumi kwa moyo.

Siku ya jaribio niliitwa wa kwanza. Mishale ile iliyokuwa ikimtii binamu ilikwenda kulia, mmoja baada ya mwingine, ikapotea nyasini. Upinde wangu ulikuwa na nguvu mno kwa mishale hiyo. Nilikosa yote mitatu, nikasimama pembeni.

Akaja binamu. Mshale wa kwanza, kushoto kabisa. Wa pili, kushoto zaidi.

"Eh, huyu!" wakapiga kelele vijana. "Mshale yake nakwenda Sudan kununua chumvi!"

"Basi ilete na sabuni!" mwingine akajibu, na hata wazee wakacheka.

Binamu hakucheka. Aliutazama upinde wake, akautazama mkono wake, akaufuta kwenye nguo kana kwamba kosa lilikuwa jasho. Ndipo nilipoumia. Hakunishuku hata kidogo. Alikuwa anajishuku mwenyewe. Alikuwa amebakiwa na mshale mmoja.

Nilimwomba Mungu anipe miguu, nikaenda mbele ya watu wote. "Mjomba, mishale hiyo ni yangu. Yake nimeitupa mimi."

Kicheko kilikatika. Mjomba aliuchukua mshale uliobaki, akaupima kwa shubiri, akaona nilivyoukata. Hakunipiga. Alimwambia mwanawe, "Mbili umekwisha tupa, hiyo haitarudi. Umebaki na moja. Nenda tafuta ile yako."

Binamu aliingia nyasini upande wa kulia, akatafuta kwa muda mrefu, akatoka na mshale mmoja. Aliuzungusha juu ya ukucha. Mgomba ukasukumwa, ukaruka jiwe, na mshale ukaingia ukauangusha kiubavu. Nilipiga kelele kuliko wote, kisha nikakumbuka kwamba mimi sikuwa na nafasi ya kwenda windoni.

Hukumu ya mjomba ilikuwa hii: "Wewe nabaki nyumbani. Na utafanya mishale sita. Si ya upinde yako. Ya upinde ya huyu."

Binamu alikwenda windoni na wanaume. Aliporudi, tulianza. Kila asubuhi, kabla jua halijawa kali, yeye alitupa na mimi nilisimama nyuma ya bega lake, nikitazama. Nilijifunza jinsi anavyovuta, jinsi anavyopumua, mahali kidole chake kinapoachia. Nilikata nusu ukucha. Nikasubiri. Nikanyoosha juu ya makaa, nikaungua, nikaanza tena. Mitatu ya kwanza mjomba aliivunja juu ya goti lake. Niliamua sitaondoka Koboko kabla ya sita kutimia, hata mama akija kunichukua. Alikuja, na akasubiri siku mbili.

Siku mshale wa sita ulipochoma katikati, binamu aligeuka akasema, "Sasa hii iko yangu kweli." Hatukuzungumza tena habari ya nyuzi.

Leo lile pori ni nyumba za bati na mashamba ya mihogo. Hakuna windo, na sitaki lirudi, maana watoto wanakula na wanasoma. Binamu amelala kaburini, na pinde zile zilikwisha zamani. Nimefundisha katekisimu miaka mingi, na nimesema mara nyingi neno la kumpenda jirani. Lakini mahali nilipolijua ni pale nyuma ya bega la mtu niliyemkosea, asubuhi baada ya asubuhi, nikitamani mshale usio wangu uende sawa. Asubuhi za namna ile ndizo ninazozitafuta sasa na sizioni.

Mungu akubariki wewe unayesoma. Akupe mikono isiyo na haraka, na mtu wa kumfanyia kazi kwa uvumilivu, na akuongoze salama hadi kwako. Amina.