Kuku wa Dakika ya Tatu

Jamani, hii aibu ningezikwa nayo, ila mke wangu ameshaitangaza mpaka mtaa wa Castle Vale, bora mnisikie mwenyewe.

Tulikuwa na darasa la Kiswahili kila Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa mtaani kwetu Winson Green, la watoto waliozaliwa hapahapa kwa Waingereza, mmoja wao mjukuu wangu Rehema, miaka saba, ambaye ukimwambia lolote anakujibu Kiingereza, na mimi Kiingereza nakishika kama sabuni iliyolowa, basi tulikuwa tunapendana kwa kutikisiana vichwa tu. Ndo maana mwalimu wao, Mama Furaha, Mkongomani, alipoomba mtu wa kumtafutia video ya kufundishia wanyama, nikarukia (shule nimeionea dirishani, leo nachagua masomo!).

Akaniambia, "Papa Mateo, uangalie yote mpaka mwisho, mbele ya kuleta kwa batoto."

Nikaenda maktaba kwenye kompyuta, mwenye zamu anayefuata ananipumulia kisogoni, video zenyewe kama milioni mia, nikachukua yenye kuku mweupe mzuri, mama mmoja anasema polepole, "Huyu ni kuku. Ana mabawa mawili." Nikatazama dakika moja, Kiswahili safi, nikaondoka.

Jumamosi projekta ikawashwa, ukuta mzima kuku! Watoto wanaimba "mabawa mawili", wameshampa jina Princess, Rehema anacheka, mimi kifua kimevimba kama waziri. Dakika ya tatu yule mama akasema, "Sasa tumchinje."

Kumbe mapishi.

(Nyumbani nani angeshtuka? Hawa wanamjua kuku wa kwenye boksi.) Kikapigwa kilio mpaka wafungwa wa gereza la jirani nadhani walituonea huruma. Nikakamata mausi ya kompyuta, nikabonyeza, picha ikazidi kuwa kubwa, nikaruka mbele ya projekta nizibe, ndo kabisa: Princess kahamia kwenye shati langu jeupe, kisu kinanipita tumboni.

"Papa Mateo! Unafundisha batoto nini?"

"Mapishi, mama!"

Akachomoa waya. Rehema kasimama juu ya kiti, machozi yanamtiririka, kaninyooshea kidole: "Babu, wewe mbaya! Kwa nini umemchinja?"

Kiswahili kitupu! Miaka saba nasubiri neno moja, nimepewa matusi kamili, sikujua nilie au nimbebe. Tukagombana Kiswahili njia nzima mpaka nyumbani, na sijawahi kufurahia ugomvi kama ule.

Lakini naapa, siku hizi hata video ya kupanda mchicha naitazama mpaka iishe yenyewe.