Suti ya Ndugu Luhende

Luhende wa Mkuyuni hakuwa tajiri, lakini suti alikuwa nayo. Ya bluu iliyokolea, imeshonwa na fundi aliyejua kazi, kabla mitumba haijamwagika mjini ikawafanya hata wauza dagaa wavae kama mabalozi. Anayebisha alete yake tulinganishe! Kesho yake angemtoa bintiye Rebeka aolewe kanisani, mbele ya wakwe wa Bukoba, watu wasiokwenda hata kisimani bila tai. Basi akashuka Igogo kuichukua kwa dobi Nurudin, mwenye mashine ya Dubai na maneno mengi kuliko mashine yenyewe.

"Shikamoo, mzee Luhende."

"Marahaba. Suti yangu."

Nurudin akapekua nguo zilizotundikwa, akapekua tena, kisha akajikuna kisogo. Dobi akijikuna kisogo, jua umekwisha.

"Mzee, mbona ilishachukuliwa? Jana kaja ndugu yako."

"Ndugu yangu yupi? Tulizaliwa wawili, na Shimba tulimzika Magu!"

"Nitajuaje? Alisimama hapo ulipo, akasema, 'Nipe suti ya Ndugu Luhende.' Nikampa."

Luhende akashika meza. "We kijana! Ndugu ni heshima! Kiwanda cha pamba kizima kiliniita hivyo: meneja, mfagizi, hata mwizi wa marobota. Wote hao kawazaa baba yangu?"

"Enzi zenu hizo. Siku hizi watu wanaitana bosi. Mtu akisema ndugu, mimi najua ni ndugu."

"Na hii karatasi uliyonipa ni ya kufungia karanga?"

Nurudin akaonyesha kibao: MALI INAACHWA KWA HASARA YA MWENYEWE.

"Nilikupa wewe, sikuupa ukuta!"

Dobi akaona mambo yamekuwa mazito. Akatungua koti jeusi. "Basi vaa hili kesho. Jumatatu tutaongea."

Luhende akalijaribu. Jamani, lilimkaa! Akajigeuza kiooni, nusura atabasamu.

"La nani?"

"La mteja. Haji mpaka Jumatatu."

Akalivua taratibu, kama anayebanduliwa plasta. "Kumbe na langu limemkaa mtu hivi hivi." Akatoka bila kuaga.

Asubuhi mkewe Wilhelmina alimnyooshea shati jeupe mpaka kola ikasimama yenyewe. Wakwe walikuja na makoti yao, wamekaa kama baraza la mawaziri. Luhende akamshika Rebeka mkono, wakapita katikati ya kanisa, shingo yake ikizunguka kama ya bundi. Kila koti la bluu alilikagua mabega na vifungo, hata la mpiga kinanda.

Mchungaji akauliza nani anamtoa binti huyu. Akauliza tena. Rebeka akamfinya babaye.

"Mimi!" Luhende akanguruma, macho bado kwenye benchi la nyuma. "Mimi mwenyewe! Sijamtuma mtu!"