Fata Asipofika, Hakuna Anayezama

Ukungu bado umeulalia mto Una, na Rasim Čavkić amesimama juu ya daraja la mbao, chupa ya plastiki mkononi, anaigombeza.

"Haya bibie, shika njia. Na usizurure!"

Anaiachia. Chupa inazama, inaibuka shingo tu, kisha maji ya kijani yanaondoka nayo mbio. Imejazwa maji nusura ifurike ili isielee juujuu kama bata, na imefungwa utepe mwekundu. Jina lake Fata, kama yule mke mbishi wa kwenye vichekesho vya Bosnia nzima. Rasim na wenzake walimpa jina hilo kwa sababu haambiliki.

Majira ya baridi Rasim, mwenye umri wa miaka 58, ni fundi bomba hapa Bihać. Kiangazi huongoza wazamiaji wanaobeba mitungi ya hewa mgongoni na kuuacha mto uwachukue. Ameifanya kazi hiyo zaidi ya miaka thelathini.

"Huku huogelei, unabebwa," anasema. "Kwa hiyo lazima ujue utatokea wapi kabla hujaingia. Wageni wanadhani kazi yangu ni kuzama. Wapi! Kazi yangu ni kutembea kando ya mto nikimfuata huyu mwanamke."

Sheria yao ni moja. Fata akifika salama kwenye ufuko wa changarawe, ambako wazamiaji watatokea, kazi inaanza. Asipofika, hakuna anayezama, awe nani. Ukipitiliza ufuko huo, mto unashuka ngazi za mawe kwa kishindo, na huko hakuna mahali pa kushika.

Mwaka mmoja hakufika. Wakamkuta amenasa chini ya mti uliolazwa na mafuriko, matawi yote ndani ya maji. Wageni walirudi nyumbani wakinuna, lakini walirudi.

Leo Rasim hazami. Wakati wa baridi ngoma ya sikio lake la kushoto ilipasuka, na daktari akamwambia basi, imetosha. "Amenifungia mto kama mtu anayefunga bomba," anasema, na kucheka kwake kunaishia njiani. Anayeongoza kwa mara ya kwanza ni binti yake, Ilhana, mwenye miaka 27.

Ufukweni, Ilhana anachora mto kwenye mchanga kwa kijiti. Wageni wanne wamechuchumaa, nguo za mpira zimewabana. Pale mtaingia, pale kuna kisiwa, mtapita kushoto kwake. Pale kuna nguzo za kinu cha zamani, msizisogelee.

"Kamba ya boya linaloelea juu yetu naishika mkononi, siifungi mwilini. Ikinasa?"

"Unaiachia!" wanajibu wote.

"Mwenzako akipotea?"

"Namtafuta kidogo, kisha naibuka!"

Jana jioni, wakati wa mazoezi, babake alimkatiza kila baada ya sentensi. Waambie kuhusu kisiwa. Nimeshawaambia, Baba. Waambie tena. Hadi Smajo, mwenye mashua ya uokoaji, akashindwa kuvumilia: "Wee Rasim, hata mama mkwe wangu ananyamaza kukushinda!"

Sasa wote wanatazama mto, wakimsubiri Fata. Anayetokea ni Rasim peke yake, kwa njia ya ukingoni, koti amelifunga hadi kidevuni.

"Kafika?"

"Hajafika," anasema Smajo.

"Basi. Leo hakuna kuzama," anasema Rasim, upesi mno.

Wageni wanaanza kufungua mikanda, nyuso zimewashuka. Ilhana hasogei. Anamtazama babake kutoka juu hadi chini.

"Baba, leo mvua imenyesha upande mmoja tu?"

Mkono wa kulia wa koti unachuruzika maji kuanzia begani. Kifuani kuna kitu kimetuna. Rasim anatazama mawe, anatazama mto, kisha anafungua vifungo na kumtoa Fata, utepe wake umejikunja.

Smajo anacheka hadi anakaa chini ndani ya mashua. Ilhana hacheki hata kidogo.

"Umemfanya Fata mwongo," anasema. "Kesho akikwama kweli, nani atamwamini?"

Rasim anavua kofia. "Naogopa, mwanangu. Wallahi naogopa. Miaka yote mimi niko mbele, wewe nyuma. Leo mbele yako kuna nani?"

Ilhana anamrudishia kofia kichwani, anaivuta hadi machoni kama anavyovishwa mtoto. "Kuna wewe. Hapa, na kamba. Ami Smajo, mshike asitoroke."

Anamchukua Fata na kupanda hadi darajani mwenyewe. Kitambo kikapita, na Rasim hakukaa hata mara moja. Kisha utepe mwekundu ukachungulia kushoto mwa kisiwa, ukazikwepa nguzo, ukaja hadi kwenye changarawe na kutulia miguuni pake. "Haya, malaya wa maji we," alinong'ona, akamwokota na kumfuta kwa kofia.

Wageni wakapanda kumfuata Ilhana, wakaingia majini pamoja naye. Boya la rangi ya machungwa likaanza kuteremka, na Rasim akalifuata kwa macho, maji yakimfika magotini, kisha kiunoni, kamba ya kurusha mkononi. Karibu na nguzo boya likasita. Smajo akaacha utani. Boya likazunguka, likatoka, likaendelea.

Vichwa vitano viliibuka pale pale palipochorwa mchangani. Ilhana akaweka ngumi juu ya utosi, ishara kwamba yuko salama. Alikuwa tayari anasimama kwa miguu yake, maji yamefika mapajani. Rasim akamrushia kamba hata hivyo. Binti akaitazama kamba, akaishika kwa mikono miwili, akajilegeza, akakubali avutwe hadi nchi kavu.

Mchana mkewe Rasim, Hasnija, aliteremsha sinia la pita, andazi la tabaka nyembamba lililojazwa jibini, na mgeni mmoja akakaripiwa na meza nzima kwa kuiita burek, maana burek ni ya nyama, basi.

Rasim alipoulizwa anatarajia nini sasa, alitafuna kwanza. "Nizeekee kwenye changarawe hii. Kila binti yangu akitoka majini, anikute." Kisha akamsukumia binti yake Fata. "Ila huyu akae kwako. Mimi siaminiki tena."

Ilhana alimrudishia.

"Kesho asubuhi, darajani," akasema. "Na uvae shati la mikono mifupi."