Marijani za Apolonia

Apolonia hakuwa mtu wa kukaa kitako. Hata kanisani alipiga magoti huku moyo uko jikoni. Sasa mtu kama huyo umwambie akae mbele ya pipa lake la kabichi ya kuchacha, siku ya gulio, asitikisike mpaka Bwana Hieronim amalize kumchora! Hayo si mateso? Lakini mji wetu wa Zawidze ulikuwa haujapata kuchorwa, na mchoraji aliwataka wote: wauza bata bukini, wakulima na farasi zao, hata walevi wa pale penye pampu. Na Apolonia aliwekwa mbele kabisa.

Chanzo cha balaa ni Kunegunda, mke wa mshona matandiko ya farasi. Mwanawe Walenty alikuwa amemchumbia Salomea, binti pekee wa Apolonia.

"Mkwe, vaa marijani zako bwana!" Kunegunda alimpigia kelele sokoni, watu wote wasikie. "Warszawa nzima ikuone! Na hawa wa hapa wajue ni kitu gani kinakuja nyumbani kwangu."

Marijani zipi, jamani? Ng'ombe wake alipokufa, Apolonia, aliyekuwa mjane, alikwenda kuziuza zile shanga nyekundu za baharini mji wa mbali, akarudi anaswaga ng'ombe mwingine. Kisha akakanda mkate, akaviringisha punje, akazikausha, akazitia rangi ya bitiruti. Kwa mbali, na mtandio juu, nani angejua? Lakini kwetu mama humvika bibi harusi marijani kwa mkono wake mwenyewe, na mama mkwe huzipapasa moja moja. Harusi ilikuwa kabla ya Majilio. Kila asubuhi Apolonia alijiambia leo nitapata njia, na kila jioni hana njia.

Basi akakaa achorwe. Miguu inacheza chini ya sketi. Mvua ya rasharasha ikaanza, naye akavuta mtandio shingoni.

"Mama, tulia! Na huo mtandio uache."

"Nitulie vipi, bwana, kabichi yangu inaingia maji?"

Uongo mtupu, pipa lilikuwa na kifuniko. Hieronim akaja mwenyewe, akautoa mtandio, akarudi chini ya turubai lake kuchora.

Picha ilipokamilika ikatundikwa kwenye kilabu cha pombe, watu waione Jumapili kabla haijapelekwa Warszawa. Apolonia hakungoja. Alidamka akaenda peke yake, akajiona kwenye picha na makunyanzi yake na vidole vilivyovimba, hayo hakujali. Kilichomkata maini ni kola. Kwenye ile kola nyeupe, chini ya shanga, palikuwa na doa la rangi ya waridi. Marijani ya kweli haichuji rangi hata uitumbukize mtoni.

"Bwana, futa hili doa," akamwambia Hieronim, aliyelala hapohapo kilabuni.

"Nimechora nilichokiona, mama. Tena hilo doa nalipenda kuliko picha yote."

"Basi nifunike na mtandio."

"Hukuwa na mtandio."

"Si ulinivua wewe, mshenzi wee!"

Hieronim alicheka tu. Wasomi wengine wana roho ya jiwe, ndiyo maana wanachora vizuri.

Baada ya misa kilabu kikajaa. Apolonia alisimama ameipa picha mgongo, mikono kiunoni, viwiko nje.

"Wewe, umekuwa pazia?" akauliza muuza bata. "Sura yako tunaiona kila siku, tuachie na sisi tuone bata wetu!"

Watu wakacheka. Kunegunda akapenya katikati yao. "Sogea, mkwe, nizione." Akaenda kulia, Apolonia kulia. Akaenda kushoto, Apolonia kushoto. Kicheko kikazidi. Mlangoni Salomea alikuwa amemshika Walenty mkono, mweupe kama unga, maana alimjua mama yake: hasimami mahali pamoja bure. Kunegunda akatumia bega, akapita, akainama. Kidole chake kikaenda moja kwa moja kwenye kola, kikasimama hapo.

Apolonia akaona ni heri aseme mwenyewe.

"Ni mkate," akasema. Na ili wasidhani anatania, akaikata kamba ya shanga iliyokuwa shingoni chini ya mtandio, akatia punje kadhaa mdomoni, akazivunja kwa meno. Kraa! "Mkate! Za kweli nimeuza, nimenunua ng'ombe. Haya, semeni!"

Kunegunda alikuwa amewiva uso mpaka masikioni. Alimtazama Salomea, akamtazama mwanawe, ambaye mkono ule hakuuachia.

"Harusi ni siku ileile," akasema hatimaye. "Mtoto hana kosa. Lakini wewe umenifanya nitembee mji mzima najisifia makombo. Kanisani usikae tena karibu na mimi."

Kwa miaka kumi na tisa walikuwa wamekaa benchi moja. Apolonia akaitikia kwa kichwa, maana mdomo ulikuwa bado umejaa.